Usifunge mchango kwenye kilomita (jibu kwa dada wa matembezi ya Moshi)

Futa hiyo ahadi ya "elfu mbili kwa kila kilomita" leo hii, kabla hujanunua hata soksi.

Umeandika kwamba ulimaliza kemo ya paclitaxel, dawa ya saratani, miezi mitano iliyopita, vidole vya miguu bado vina ganzi, na matembezi ya hisani ni kilomita 10 hapa Moshi. Umeuliza viatu, mazoezi ya wiki ngapi, na uvae wigi au kilemba. Kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho: watu 25 wamekuahidi pesa kwa kilomita, na kamati imefurahi. Mimi niliingia kwa mtindo huohuo, nikaulipia kwa wiki sita za kusafishwa kidonda cha dole gumba.

Piga hesabu. Watu 25 mara 2,000 ni 50,000 kwa kila kilomita. Ukifika kilomita ya sita ukaona mambo si mazuri, kusimama kwako kunawanyima wagonjwa wenzako 200,000. Nani atasimama hapo? Utajikaza. Na wewe ndiye hasa usiyetakiwa kujikaza, kwa sababu paclitaxel huumiza neva, na zinazotangulia kuumia ni zile ndefu zinazofika vidoleni. Ganzi yake hukaa miezi, kwa wengine miaka. Mguu wenye hisia zake ukianza kuchubuka, unapiga kelele. Wa kwako utanyamaza. Lengelenge litajaa, litapasuka, soksi itagandia kwenye nyama, na wewe bado unawapungia mkono wapiga picha. Utajua jioni, ukivua kiatu ukakuta soksi imelowa damu.

Halafu kuna mtu wa kamati atakwambia "wachangiaji wanapenda kumwona shujaa akimaliza." Kauli hiyo inanichemsha damu mpaka leo. Kidonda hakitamuuma yeye, wala si yeye atakayepanga foleni ya kubadilishiwa bandeji. Watu wanachangia matibabu. Hawajanunua vidole vyako!

Watumie wote 25 ujumbe huu: "Ndugu yangu, badala ya 2,000 kwa kilomita naomba 20,000 kamili, nitembee kilomita moja au kumi. Naomba uilipe kabla ya Alhamisi." Jumla ni ileile, 500,000. Pesa ziende moja kwa moja kwenye lipa namba ya wanaochangisha, zisipitie simu yako, na hakikisha jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ni lao. Ahadi zinazosubiri baada ya tukio nyingine huyeyuka, kwa hiyo hapa hupotezi kitu.

Sasa miguu. Leo usiku lala chali, fumba macho, mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye dole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu. Asisukume wala asipapase. Kipimo hiki hutumika kwa watu wa kisukari. Ukikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, hisia zimepungua, na daktari wako aione miguu hiyo kabla hujajiandikisha. Kama uliwahi kuwekewa pia ile dawa nyekundu, doxorubicin, muulize na habari ya moyo, maana dawa hiyo huweza kuudhuru.

Viatu vya mtumba vya soko la Memorial si vibaya, ila kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kisigino kilicholika upande mmoja kiache hapohapo. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na pale mbele ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Kila unapovaa, ingiza mkono kwanza upapase ndani hadi mbele. Kijiwe au mshono ulioinuka, mkono utauhisi. Mguu hautauhisi.

Kama njia yenu inapanda kuelekea hospitali ya KCMC, watu wataogopa kupanda. Wewe ogopa kurudi mjini. Mteremko unasukuma vidole mbele, na kucha zilizodhoofishwa na kemo ndizo zinazogonga. Zikate siku tano kabla, moja kwa moja bila kuchimba pembeni, na wakati wa kushuka kaza kamba za karibu na kifundo ili mguu usiteleze.

Kila kilomita mbili kaa chini, vua viatu vyote viwili, mwenzako akague kisigino, chini ya dole gumba na katikati ya vidole. Usikague peke yako kwa kupapasa. Akiona wekundu usiofifia ukiubonyeza, au lengelenge hata dogo, msilitoboe. Funika kwa shashi safi, panda bajaji, nenda nyumbani. Usimwombe ruhusa mtu yeyote wa kamati. Pesa zilishalipwa kabla ya Alhamisi.