Usijazishe dodoso siku ya kuvisha kifaa

Simama hapo hapo, mkuu. Umeandika kwenye mpango wako wa utafiti kwamba watu watajaza dodoso la IPAQ (maswali ya kimataifa ya kujieleza umeushughulisha mwili kiasi gani), kisha papo hapo uwavishe akselerometa, kifaa kidogo cha kupima mwendo wa mwili, kiunoni wiki nzima, halafu ulinganishe walichosema na kilichopimwa. Ndivyo nilivyofanya mimi, na tasnifu ikanirudia nyekundu tupu.

Dodoso linauliza siku 7 zilizopita. Kifaa kinapima siku 7 zijazo. Hizo ni wiki mbili! Nilikuwa na mama mmoja aliyejaza saa chungu nzima za kazi nzito, kifaa kikaonyesha kalala tu. Nikamwandika kwa madaha kuwa ametia chumvi. Kumbe wiki ya dodoso alikuwa anahama nyumba, anapandisha makabati ngazini. Wiki ya kifaa mafua yakamlaza. Mtahini akaniuliza: "Umejuaje kuwa kakosea yeye, si ratiba yako?" Nikabaki natabasamu kama abiria aliyegundua kapanda basi silo. Vifaa vilikuwa vya kuazima, vilisharudishwa. Sura nzima ya ulinganisho nikaifuta.

Na aliyeniambia "mpangilio haujalishi, tafuta watu wengi tu" ni msimamizi wangu, aliyesaini pendekezo bila hata kulisoma hilo dodoso. Siku ya utetezi alikuwa bize na simu. Haya.

Kifaa KWANZA. Siku anapokurudishia, kabla hujamwonyesha namba zake, ndipo ajaze dodoso.

Kwamba watu hujikadiria juu, sibishi. Uchunguzi wa afya wa England wa 2008: kwa maelezo yao wenyewe, wanaume 39% na wanawake 29% walifikia kiwango cha kushughulisha mwili kilichopendekezwa; kwa akselerometa, 6% na 4%. Ila dodoso na kifaa navyo havipimi kitu kimoja, na tofauti hiyo huvuta huku na kule. IPAQ inataka vipindi vya dakika 10 kwenda juu, kifaa kinadaka hata dakika moja ya kukimbilia lifti. Cha kiunoni nacho baiskeli hakiioni vizuri, kunyanyua vyuma ndiyo kabisa, na mtu akikivua akaogelee kinasoma sifuri kana kwamba kaketi. Mpe karatasi aandike saa alizokivua na alikuwa anafanya nini.

Ukishaigeuza ratiba, iweke hapa tuikague kabla hujagawa hata kifaa kimoja.