Ubongo wenye waya, roboti au ramani ya Afrika? Tumekwama kwenye logo

SWALI: Shikamoo anko. Sisi ni kikundi cha vijana kama 40 hivi hapa Dodoma, wengine bado wako chuo wengine washamaliza, tunafanya utafiti wa akili mnemba (AI) upande wa sauti, yani tunarekodi watu wakiongea Kiswahili cha kwao afu tunaifundisha kompyuta iwaelewe. Sasa tunataka logo na kazi nimeangushiwa mimi maana nachora chora kidogo. Wengine wanataka ubongo wenye waya, wengine roboti, wengine ramani ya Afrika yenye nukta nukta, wote wanataka rangi nne za bendera, na kuna mmoja ameshatoa logo kwa programu ya AI dakika 2 tu anasema tuichukue tumalize. Gurupu linawaka moto wiki ya pili hii. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana, hiyo kazi ya kurekodi watu wanavyoongea kwao mi naiheshimu mno.

Ubongo na roboti achaneni navyo. Sio vibaya, ila kila mtu anavyo, ukiweka logo yenu kati ya nyingine 20 za AI hakuna atakayejua ipi ya Dodoma. Ramani ya Afrika nayo hivyo hivyo, halafu ina kona nyingi sana, ukiipunguza inabaki kama doa. Angalia wenzenu: kuna Masakhane, watafiti wa lugha za Kiafrika, jina lao ni la Kizulu maana yake tujenge pamoja, na kuna Deep Learning Indaba, mkutano wa watafiti wa akili mnemba wa Afrika, ilioanza Johannesburg 2017 ikaja Nairobi 2019, indaba ni mkutano wa watu kukaa na kujadili. Masakhane na indaba ni maneno yaliyotoka kwenye kile watu wanachofanya wakiwa pamoja, sio kwenye mashine. Hata PyTorch, ile programu ya kufundishia kompyuta ambayo nadhani mnaitumia kila siku, alama yake ni mwali wa moto tu.

Sasa nyie mnafanya nini? Mnasikiliza watu. Chukua neno lenyewe, sauti, litamke taratibu: sa-u-ti. Silabi 3, na kwa kuwa Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho basi ile ya katikati ndo inapanda. Chora mistari 3 ya kusimama, mfupi, mrefu, mfupi, ncha zake ziwe za mviringo. Hapo umechora wimbi la sauti na umechora Kiswahili kinavyotamkwa kwa mpigo mmoja, na mtu akiuliza logo yenu ina maana gani mnayo stori ya kumwambia, ya kwenu wenyewe. Nimeijaribu kwa penseli hapa mezani wakati nasoma barua yako na nikaipenda kweli. Ila mistari mitatu mitupu inaweza kufanana na alama ya voisi noti, kwa hiyo icheze mpaka iwe yenu, labda ule wa katikati uufanye kama mtu aliyesimama, kichwa kikiwa nukta. Jaribu hata michoro 30 kwenye karatasi kabla hujagusa kompyuta.

Mbona mitatu na sio mitano? Kwa sababu ile alama ndogo inayokaa kwenye tabo ya brauza ina pikseli 16 kwa 16 tu. Mistari 3 yenye unene wa pikseli 4, na nafasi ya pikseli 2 katikati, inaingia kamili 16. Ukiweka mitano nafasi inabaki pikseli moja moja na jicho linaona kibonge. Na kumbuka picha ya gurupu la WhatsApp inakatwa duara, kwa hiyo usipeleke kitu kwenye kona.

Rangi anza na nyeusi peke yake, ikikubali nyeusi itakubali yoyote, afu chagueni moja au mbili. Kwenye tisheti za kuchapa kwa skrini kila rangi inataka fremu yake, rangi nne ni fremu nne na hela inapanda. Na msichanganye rangi inayofifia kuelekea nyingine. Mi niliwahi kuchorea kikundi flani logo ya bluu inayoyeyukia zambarau, kwenye simu ilikua nzuri ajabu, tukapeleka kofia zikadariziwe, fundi akaishika karatasi akaniuliza hapa katikati niweke uzi gani? Sikua na jibu, nikarudi kuchora upya na kofia zinasubiri.

Huyo wa dakika 2 msimkasirikie, mwombeni mawazo yake. Ila programu hizo mara nyingi zinakupa PNG tu, yani picha ya vinukta, ukiikuza kwa bango inavunjika, na haki nayo ina utata, kule Marekani mahakama ya rufaa ilisema 2025 kwamba kazi iliyotungwa na mashine peke yake haipati hakimiliki. Mkija kutaka kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, siku za mbele ni bora awepo mtu aliyeichora kwa mkono wake. Chora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, ni bure, tunza faili la SVG, lile linalokuzwa bila kuvunjika, mahali ambapo kikundi kizima kinalifikia, sio kwenye laptop yako tu.

Na hilo gurupu, watu 40 hawawezi kuchora kitu kimoja. Ombeni watu 3 waamue, wengine waulizwe swali moja tu, sisi ni nani? Majibu yao yaandike yote. Michoro mitatu ya mwisho ichapishe midogo kama ukucha wa kidole gumba, ibandike ukutani mnapokutania, kaa hatua tano uangalie ipi bado inasomeka.