Duka la mtandaoni limekuwa zito? Lijenge upya, oda zibaki salama

Duka la viungo au la kanga huanza na plagini 8 (programu ndogo za nyongeza), likawa jepesi. Miaka mitatu baadaye ziko 40: tatu zinafanya kazi ile ile ya kupunguza picha, moja ya sarafu haijaguswa tangu iwekwe, na juu yake mistari ya programu aliyoibandika fundi ambaye siku hizi simu hapokei. Ukurasa wa malipo unachukua sekunde 12 kufunguka. Mteja wa Chake Chake mwenye bando la kutwa hasubiri.

Tunasema hapa juu ya WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya WordPress, kwa kuwa ndiyo tunayokutana nayo zaidi kwenye maduka madogo.

Mafundi wengi hukimbilia kufungua duka jipya tupu, kisha wakahamisha bidhaa na oda kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu). Tunalikataa hilo. Oda zikiingizwa hivyo mara nyingi hupewa namba mpya, na risiti aliyonayo mteja haifanani tena na chochote. Nywila za wateja hubaki nyuma. Halafu kuna Excel: ukifungua faili, 0777 inageuka 777, na namba ndefu ya muamala wa simu inakuwa 2.55E+11. Ukibonyeza kuhifadhi, tarakimu zile hazirudi.

Kinachopotea kimya kimya zaidi ni vile vijisehemu vya ziada. Chukua oda ya kwenda Pemba. Fundi aliongeza kisanduku cha shehia na kingine cha bandari ya kupokelea, Mkoani au Wete. Thamani zake zimekaa kwenye jedwali la wp_postmeta kwa jina alilolibuni mwenyewe, tuseme _billing_shehia. Njia za kawaida za kutoa CSV hazilijui jina hilo, na faili litatoka bila shehia wala onyo. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, toa orodha ya majina yote ya meta_key (safu yenye majina ya vijisehemu hivyo) na uandike kila moja limewekwa na nani na linatumika wapi. Kazi hii inachosha, na inaweza kula siku mbili nzima. Ifanye.

Baada ya hapo nakili duka zima kwenye seva mpya na upunguze kwenye nakala. Hifadhidata itoe kwa mysqldump (amri ya kunakili hifadhidata ya MySQL) yenye --single-transaction, ili majedwali ya InnoDB, aina ya kawaida ya MySQL, yatoke katika hali moja huku duka likiendelea kuuza. Chukua na folda ya wp-content, yenye picha na plagini. Weka bakap sehemu mbili, na isiwe kompyuta ya dukani peke yake. Umeme wetu unajulikana. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi ndefu ziendeshe kwenye seva yenyewe ndani ya tmux, programu inayoacha kazi iendelee hata ukikatikiwa. Ukiziendesha kwenye kivinjari, umeme ukikatika zinaishia njiani.

Nakala ikiwaka tu, zuia barua pepe zote zinazotoka na weka malipo kwenye hali ya majaribio. Kuzima cron ya WordPress (kipanga ratiba chake) hakutoshi, kwani Action Scheduler, foleni ya kazi za nyuma ya WooCommerce, huamka pia unapofungua kurasa za usimamizi, na wateja watapelekewa ujumbe wa oda za mwaka juzi.

Sasa hesabu: bidhaa ngapi, oda ngapi kwa kila hali, jumla ya fedha zake, wateja wangapi, jumla ya stoki. Andika karatasini. Usiku wa kuhama utazihesabu upya kwenye duka la zamani, kwa kuwa oda zitakuwa zimeongezeka, na hizo ndizo utakazolinganisha nazo.

Uzito wenyewe mara nyingi uko sehemu chache. Angalia wp_options, jedwali la mipangilio: data zinazopakiwa kila ukurasa zikizidi kilobaiti 800, WordPress yenyewe hulalamika. Ukizitafuta, usiishie kwenye autoload (safu inayosema kipi kipakiwe kila ukurasa) ya 'yes'. Tangu toleo la 6.6 la mwaka 2024 kuna pia 'on', 'auto' na 'auto-on'. Angalia majedwali ya Action Scheduler, ambako kazi zilizofeli hulimbikizana. Plagini zizime moja moja, upime ukurasa wa malipo kila mara. Ukizizima kumi kwa pamoja hutajua mchawi ni nani. Picha za MB 5 kutoka kwenye simu zipunguze hadi upana wa pikseli 1600.

Kisha hamishia oda kwenye majedwali yake maalumu, HPOS, ambayo maduka mapya huanza nayo tangu WooCommerce 8.2 ya mwaka 2023. Washa kwanza ulinganifu wa pande mbili, oda ziandikwe majedwali ya zamani na mapya, subiri umalize, endesha amri ya wp wc hpos verify_data, ndipo ubadilishe. Msimbo wa zamani unaosoma oda kwa get_post_meta utabaki ukisoma upande wa zamani. Uandike upya kwa $order->get_meta(). Kile kisanduku cha shehia huwa cha kwanza kuonekana kitupu.

Hama wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Ila kumi la mwisho la Ramadhani usiliguse, watu hununua baada ya tarawehe mpaka usiku mkubwa. Siku moja kabla, shusha TTL ya DNS (muda ambao mitandao hukumbuka anwani ya seva yako) hadi sekunde 300. Usiku wenyewe zuia oda mpya tu, usifunge tovuti nzima: mteja aliyekwisha kuweka namba ya siri kwenye simu, jibu la malipo yake bado liko njiani, na likikuta mlango umefungwa fedha imekatwa na oda imekwama. Subiri nusu saa, toa hifadhidata kwa mara ya mwisho, ipitishe kwenye hatua zile zile ulizozijaribu, linganisha na karatasi yako. Badilisha anwani ya majibu kwa kampuni ya malipo ikiwa imebadilika, kisha nunua kitu cha shilingi 1,000 kwa simu yako mwenyewe mpaka risiti ifike.

Seva ya zamani iache siku 30, ya kusoma tu. Mtu wa Wete atapiga simu kuulizia mzigo wake, na utataka pa kuchungulia.