Nimemlipa msimamizi, mabinti hawajalipwa: dhima ni ya nani?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina duka la nguo hapa Mtwara mjini. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, nina watoto wanne. Kila mwisho wa mwaka napata oda ya sare za shule, nampelekea vitambaa bwana mmoja Mikindani mwenye vyerehani na mabinti tisa. Mwaka jana nilimlipa 3,000 kwa shati, mwaka huu nimemshusha hadi 1,800 kwa sababu shule yenyewe inanilipa kwa kuchelewa. Juzi nimejua kwamba mabinti wana miezi miwili bila ujira, na wakishona usiku hufungiwa kufuli kwa nje, vitambaa visiibwe. Ustadhi mmoja kaniambia: "Wewe umeshalipa, umetoka dhimani." Moyo haujatulia. Je, faida yangu ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Mtume (s.a.w.) amesema dhambi ni kile kinachokukera kifuani. Moyo wako umejibu vizuri kuliko huyo ustadhi.

Kwamba kula ujira wa mtu ni dhulma, hilo halina mjadala. Hadithi ya watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao aliyemtumikisha mtu asimpe ujira wake, tunaisikia mimbarini kila mara. Ninachotaka kukigusa ni hiyo kauli ya "umetoka dhimani", maana nimeisikia sana kwa wafanyabiashara wetu.

Ustadhi kashika kanuni ya mafakihi: wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu humwangukia mtendaji. Kanuni ni sahihi, ila kaiweka pasipo pake. Mfano wao ni mtu aliyechimba shimo, akaja mwingine akamsukuma mtu ndani; anayelipa ni msukumaji. Sawa. Lakini yule mchimbaji hakumtuma msukumaji, wala hakuvuna kitu. Wewe umetuma kazi, umepanga siku ya kuipokea, na bei umeibana wewe. Toa uzi, vifungo na umeme katika hiyo 1,800, kisha uniambie binti wa watu anabaki na nini. Sisi wa Kusini tunamlaani mnunuzi wa kangomba anayemvizia mkulima mwenye njaa na kumnyang'anya korosho zake kwa bei ya kutupa. Tofauti yake na hii ni nini, kama si kwamba hapa kinachopimwa ni mashati?

Na hoja ya "si mimi niliyewaajiri" ina historia mbaya. Makampuni makubwa ya nguo ya Ulaya na Marekani yalijificha nyuma yake miaka mingi. Septemba 2012 kiwanda cha nguo kiliungua Karachi, Pakistani, wakafa watu zaidi ya 250. Milango ilikuwa imefungwa, madirisha yana nondo. Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka huko Bangladesh, likaporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilionekana tangu jana yake. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watu wake, washonaji wakaamriwa kurudi kazini. Hapo ndipo kampuni nyingi zilipotia saini mkataba wa kukagua majengo ya wanaowashonea, na mwaka 2017 Ufaransa ikatunga sheria ya kuyabana makampuni makubwa yafuatilie hali za wanaowauzia bidhaa. Naona haya kwamba Wafaransa wameliandika hili nasi, tunaosoma kila siku "wala msiwapunguzie watu vitu vyao", bado tunatafutiana mlango wa kutokea.

Hukumu basi. Deni la miezi miwili liko juu ya msimamizi, kwa kuwa ndiye aliyepatana nao. Faida uliyoipata kabla ya kujua ni halali yako. Tangu ulipojua, kuendelea kwa bei ile ni kusaidia dhulma. Wala usiseme utatoa sadaka. Sadaka hailipi deni la fundi. Wallahu a'lam.

Najua nawe unadaiwa na unadai, na yatima hawangoji shule ilipe. Kwa hiyo sikuambii umwache huyo bwana, maana mabinti tisa watakosa hata hicho kidogo. Nenda Mikindani mwenyewe, ukae na mabinti uwaulize. Bei irudi inapobeba ujira, hata kama mwaka huu utachukua oda ndogo. Malipo yaliyobaki mkabidhiane mbele yao, kila mmoja apokee chake mkononi, na msimamizi aridhie. Akikataa, lipelekeni shauri kwa serikali ya mtaa au afisa kazi. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Muulize anazijua? Na shule nayo uidai kwa maandishi, usione aibu.

Haya yote yanaweza kuchukua wiki mbili tatu. Kufuli haliwezi kungoja. Mpigie simu leo, kabla mabinti hawajaingia zamu ya usiku, umwambie kama anaogopa wizi wa vitambaa alale mlangoni yeye.