"Hanywi chai au kahawa" ama "hanywi chai wala kahawa"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta. Kwenye hisabati ya diskriti tumefika sura ya mantiki, na jioni sisi wenyewe tunaelekezana kwa Kiswahili. Tulipewa sentensi "Asha anakunywa chai au kahawa" tuikanushe. Nikaandika "Asha hanywi chai au kahawa". Mwenzangu anashikilia kwamba lazima iwe "wala". Nani yuko sahihi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, kwa lugha na kwa hesabu.

Peleka sentensi yako mgahawani. Mwambie mhudumu, "Asha hanywi chai au kahawa," naye ana haki ya kukuuliza, "Kipi hasa?" Anaweza kudhani kuna kimoja Asha asichokunywa, ila wewe umesahau ni kipi. Mwambie "hanywi chai wala kahawa", hatauliza tena. Ataleta uji.

Sasa chora jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote zinazowezekana, lenye mistari minne: chai tu, kahawa tu, vyote viwili, bila chochote. "Au" ya hesabu hukubali hata vyote viwili, kwa hiyo sentensi mliyopewa, "Asha anakunywa chai au kahawa", ni kweli katika mistari mitatu. Ukanushi wake basi unatakiwa uwe kweli katika mstari wa nne peke yake, na "wala" inakufikisha hapo hapo. "Au" yako, ikieleweka kama alivyoielewa mhudumu, inaruhusu mistari mitatu: chai tu, kahawa tu, na bila chochote.

Kanuni mnayofundishwa ina jina la Augustus De Morgan, Mwingereza aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806: ukikanusha "A au B" unapata "si A na si B". Nami hufurahi kila ninapoifafanua kwa Kiswahili, kwa sababu "wala" tumeitoa katika Kiarabu, ambako *wa* ni "na", *la* ni "si". Anayesoma Alfatiha huikuta mwishoni, kwenye "waladh-dhaalliin". Kanuni nzima imo ndani ya neno moja, na bibi anayesema "hana mbele wala nyuma" anaitumia bila kukosea.

Ila kuna mtego. Tunasema pia "hanywi chai wala hanywi kahawa", na ni Kiswahili safi. Mwanafunzi wa mantiki akihesabu ukanushi mmoja mmoja atapata "na si hanywi kahawa", yaani anakunywa! Sivyo. Katika Kiswahili ukanushi wa pili unaufuata wa kwanza, hauufuti. Ukihamishia sentensi hiyo kwenye programu, andika "si" mara moja tu kwa kila kinywaji.

Kwenye mageti ya mantiki, yaani vijisakiti vya kompyuta vinavyopokea na kutoa moja (kweli) au sifuri (si kweli), mtakutana na geti linalofanya kazi ya "wala": linatoa moja pale tu maingizo yake yote yakiwa sifuri. Geti hilo peke yake linatosha kujenga mengine yote. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo 11 hadi mwezini mwaka 1969 ilijengwa kwa mageti ya aina hiyo, yenye maingizo matatu kila moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenu ni "na". Mkiambiwa mkanushe "Asha ana kitambulisho na nauli", wengi wataandika "Asha hana kitambulisho na nauli", na msikilizaji ataelewa kwamba hana vyote viwili. Hesabu haijasema hivyo; imesema kimojawapo kinakosekana, pengine vyote. Hapa msibane maneno. Andikeni "Si kweli kwamba Asha ana kitambulisho na nauli", kisha mfungue: "Asha hana kitambulisho, au hana nauli." Hapo ndipo "au" yako inapostahili kukaa, na kitenzi kirudiwe kila upande.