Maswali ya Wasomaji: Mazoezi ya Kuruka Ndani ya Maji

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari katika Wilaya ya Chake Chake, Pemba, na ninafundisha timu ya wasichana ya mpira wa wavu. Kiwanja chetu ni cha saruji, na kila ninapozidisha mazoezi ya kuruka, baada ya wiki mbili au tatu wachezaji huanza kulalamikia maumivu chini ya pia ya goti. Nimesikia kwamba wanamichezo wa nchi nyengine huruka ndani ya maji ili wapate nguvu bila ya kuumia. Bwawa hatuna, lakini bahari tunayo. Je, jambo hili lina ukweli, na tunaweza kulifanya wenyewe?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Lina ukweli, nami nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuwapeleka watoto pwani, kwa sababu faida ya zoezi hili inategemea sana kina cha maji, na kina cha bahari yetu hakitulii.

Mchezaji anapotua kwenye saruji, miguu yake hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na kano inayounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi hubeba sehemu kubwa ya mshtuko huo. Maji humpunguzia mzigo huo kwa kumwinua. Aliyesimama katika maji ya kiunoni hubakiwa na takriban nusu ya uzito wake, katika maji ya kifuani hubakiwa na kiasi cha theluthi, na yakimfika shingoni hubakiwa na sehemu moja tu ya kumi. Wakati huohuo maji, ambayo ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, humzuia anapopanda, na akizidisha kasi yake mara mbili, kizuizi hicho huongezeka mara nne. Ndiyo maana anayeruka kwa ulegevu ndani ya maji hapati chochote, na mwalimu anapaswa kusimamia juhudi ya kila mruko kuliko kuhesabu idadi yake.

Timu kama yako imewahi kupimwa. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu wasichana 19 wa mpira wa wavu, ambapo baadhi yao waliruka ndani ya maji yenye kina cha mita 1.2 hivi, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 6, huku wote wakiendelea na mazoezi yao ya kawaida uwanjani. Walioruka majini waliongeza urefu wa mruko wao kwa asilimia 11 hivi, na wenzao kwa asilimia 4. Utafiti mwengine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2004 na uliowalinganisha wanawake walioruka majini na walioruka nchi kavu, ulionyesha kwamba maendeleo yao yalikaribiana, ila walioruka majini hawakupata maumivu makali ya misuli kama wenzao.

Sasa tuje kwenye bahari yetu, ambayo si bwawa la kuogelea. Siku za bamvua, yaani zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa Zanzibar hufika takriban mita 4, na katika saa za katikati maji huweza kupanda karibu mita moja kwa saa. Maana yake ni kwamba msichana aliyeanza zoezi maji yakiwa kiunoni atajikuta kifuani kabla ya nusu saa kupita, na kwa kuwa kina ndicho kinachopima uzito anaoubeba, atakuwa anafanya zoezi jengine kabisa bila ya kujua, mbali na hatari yenyewe ya kuzidiwa na maji. Kwa hiyo fanyeni mazoezi katika nusu saa ya kabla na nusu saa ya baada ya maji kujaa, kwani wakati huo kina hubadilika kidogo sana. Siku hizo za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, muda ambao wanafunzi wameshatoka skuli. Siku za maji mafu, yaani zilizo katikati ya bamvua mbili, mabadiliko ni madogo zaidi, lakini saa za kujaa husogea, kwani kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Wavuvi wa kijiji chako wanazijua saa hizo vizuri kuliko mimi; waulize.

Chagua mahali penye mchanga mgumu usioteremka ghafla. Tope la penye mikoko halifai, kwani mguu unaozama huvutwa na goti hupinda ovyo. Kabla ya zoezi, mtu mzima apite eneo lote akiburura miguu, ili samaki taa mwenye mwiba, aliyejificha mchangani, aondoke, na kila mchezaji avae raba nyepesi za kumkinga na miiba na matumbawe. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisheni.

Kuhusu mazoezi yenyewe, anza na maji ya kifuani na miruko isiyozidi 60 kwa siku, ukiigawa katika mafungu ya miruko 8 au 10 na kuwapumzisha kwa dakika moja kila baada ya fungu. Waruke papo hapo wakikunja magoti kuelekea kifuani, kisha waruke kwenda mbele, na wanaotua vizuri tu ndio waruke kwa mguu mmoja. Baada ya wiki mbili wasogeze kwenye maji ya kiunoni. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Anayeumwa goti hata anapotembea, au ambaye goti lake limevimba, asiingie majini wala uwanjani bali apelekwe hospitali.

SWALI: Mimi ni kijana wa Jambiani, beki wa kati, na udhaifu wangu ni mipira ya vichwa. Je, nikiruka baharini naweza kuacha kabisa kuruka uwanjani?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kano ya mguu hufanya kazi kama mpira wa manati: ikivutwa na kuachiwa haraka hurusha, ikivutwa polepole nguvu hupotea. Katika miaka ya 1960 mwalimu wa Kisovieti, Yuri Verkhoshansky, alikuza mazoezi ya kushuka kutoka juu ya kasha na kuruka tena papo hapo, kwa lengo hilo la kuifundisha miguu kurudisha nguvu kwa haraka. Majini unashuka polepole na nyayo hukaa chini muda mrefu zaidi, kwa hivyo unajenga nguvu ya kusukuma lakini ile ya kurusha haijengeki ipasavyo. Kwa maoni yangu, ruka majini siku mbili na uwanjani siku moja, na wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano rudisha miruko yote kwenye nyasi. Kwenu maji yanapokupwa huenda mbali na vijiti vya mashamba ya mwani hubaki wazi. Yanapojaa vijiti hivyo hufunikwa, basi usiruke karibu navyo.

SWALI: Binti yangu ana miaka 15 na hajui kuogelea. Mwalimu wao hapa Wete anataka waruke baharini. Nimruhusu? Na avae nini?

JIBU: Dada yangu, maji ya kiunoni hayamlazimu kujua kuogelea, lakini ya kifuani asiingie mpaka aweze kuelea na kujigeuza mwenyewe. Avae suruali na fulana ya mikono mirefu zinazoshika mwili, na juu yake vazi la stara lisilofika chini ya magoti, kwa sababu nguo pana hujaa maji, huvuta upande mmoja na huweza kunasa miguu. Kabla ya kumruhusu, muulize mwalimu ni nani, miongoni mwa watu wazima wajuao kuogelea, atakayesimama upande wa maji mengi kwa muda wote wa zoezi, na usimruhusu mpaka umjue mtu huyo.