Je, nafuu za kodi za Corona ziliondolewa zote?

Ndugu, umeuliza kama nafuu zote za kodi ambazo Kenya ilitoa 2020 kwa sababu ya Corona zilifutwa Januari 2021. Hapana, si zote. Kodi ya mashirika, na kiwango cha juu cha kodi ya mishahara, vilirudi asilimia 30 kutoka 25, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa kwenye bidhaa, ikatoka asilimia 14 ikarudi 16. Lakini msamaha wa mwenye mshahara mdogo ulibaki. Angalia hesabu: anayelipwa shilingi 24,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Nafuu ya kibinafsi, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi ya kila mfanyakazi kwa mwezi, iliyokuwa 1,408, ilipandishwa mwaka 2020 hadi hizo hizo 2,400. Kodi inabaki sufuri. Kwa hiyo payslipu ya Januari 2021 ya mtu huyo haikupaswa kukatwa hata shilingi ya PAYE, hiyo kodi ya mishahara. Ukikuta imekatwa, mwulize mhasibu wenu.

Kinachoniuma ni mama mboga na fundi wa jua kali. Hawana payslipu, na unga wa mahindi haukuwa ukitozwa VAT tangu hapo, basi punguzo lile la VAT halikufika kwenye sufuria zao za ugali. Vijana wa mitaa ya mabanda angalau walipata Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua vya usafi.